Mstari wa 52: pampu moja, semina ya siku tatu na darasa la Jumamosi

Pampu namba 3 tuliinyoosha mara mbili ndani ya wiki tano, na mara zote mbili haikuwa imepinda. Mara ya kwanza tulikodi mashine ya leza ya kupanga shafti kutoka mjini, tukailipia siku mbili, mafundi wakalala kituoni. Mara ya pili tukafunga na kapiling mpya, kile kiungo kinachoshika shafti ya mota na ya pampu. Kila tulipowasha, skrini ya ofisini ikaleta mistari ileile miwili, kama jirani anayerudi kudai deni. Aliyetengeneza mfumo wa kupima mtetemo uliochora mistari hiyo ni mimi. Aliyeandika ripoti kwamba shafti ya mota na ya pampu haziko kwenye mstari mmoja ni mimi vilevile. Na ukutani, nyuma ya kiti changu, kilining'inia cheti cha semina ya uchakataji wa ishara kidijitali, yaani kugeuza sauti na mitetemo kuwa namba na kuzichambua, cha miezi saba tu.

Kituo ni cha kusukuma maji, na mamlaka yake sitaitaja. Nauandika mkasa huu kwa sababu ya hicho cheti. Uzembe haukuwepo, vifaa vilikuwepo, na nadharia iliyohitajika niliijua tangu mwaka wa tatu wa chuo. Niliijua vibaya, kwa namna ambayo hakuna mtihani wala semina iliyowahi kuigusa.

Hesabu za mashine

Mota ya pampu ile ina poli (ncha za sumaku) nne na inakula umeme wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo ikiwa na mzigo inazunguka mara 1480 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko 24.67 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba mama ya mashine. Karibu kila mtetemo utakaouona umezaliwa nayo. Shafti zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mara nyingi mtetemo huchomoza kwenye maradufu yake, yaani 49.33. Mashine ikiwa imelegea, vizidishe vingine hujitokeza: mara tatu, mara nne na kuendelea. Mara nne ni 98.67.

Impela ya pampu hiyo, gurudumu la ndani linalosukuma maji, ina mapanga sita. Kila panga linapopita kwenye ulimi wa gamba la pampu huyasukuma maji na kutoa pigo dogo. Mapanga sita, mizunguko 24.67: mapigo 148 kwa sekunde. Hata pampu isiyo na kasoro ina pigo hili, na kwa kawaida ni dogo. Likikua, mara nyingi maji ndiyo yana shida, yanaingia au yanatoka kwa kiasi ambacho pampu haikuchorewa.

Namba hizi tatu, 24.67, 49.33 na 148, zilikuwa kwenye daftari langu tangu siku ya kwanza. Hata idadi ya mapanga niliihesabu mwenyewe pampu ilipofunguliwa.

Ujumbe mmoja wa simu

Kituo kiko bondeni. Intaneti ya simu pale huja na kwenda, lakini ujumbe mfupi hupita siku zote. Basi nikaamua kila kitambuzi, kile kifaa kidogo cha kupima mtetemo, kitume vipimo vyake kwa SMS, kila baada ya dakika kumi. SMS moja hubeba baiti 140. Sampuli moja ya mtetemo, yaani kipimo kimoja, inachukua baiti mbili. Sampuli 64 ni baiti 128. Zinaingia na nafasi inabaki ya kuandika saa na namba ya pampu. Nilifurahi sana siku ile. Bado naona lilikuwa wazo zuri, ingawa ndilo lililotupeleka porini.

Kisha swali la kasi. Nilitaka kuona hadi mara nne ya mzunguko, yaani karibu hezi 100. Chuoni tulifundishwa kanuni ambayo Nyquist aliigusa mwaka 1928, Kotelnikov akaithibitisha 1933 na Shannon akaiandika kwa ukamilifu 1949: chukua sampuli kwa kasi inayozidi maradufu ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu kabisa. Maradufu ya 100 ni 200. Nikaandika 200 kwenye programu, nikaenda kula.

Kitambuzi chenyewe ni kile cha bei ndogo kinachouzwa kwa mafundi wa elektroniki, na ndani yake kinapima mara 3200 kwa sekunde. Chipu yangu ilikuwa inakisoma mara 200. Kwa maneno mengine, katika kila vipimo kumi na sita nilikuwa naokota kimoja na kutupa kumi na vitano. Wakati huo sikuliona kama kutupa. Niliona nasoma polepole, basi.

Kosa liko katika maneno "ya juu kabisa". Ya juu kabisa ya nini? Kanuni inazungumzia masafa ya juu kabisa *yaliyomo* kwenye ishara inayofika pale unapookota sampuli. Mimi niliyasoma kama masafa ya juu kabisa *ninayotaka kuyaona*. Ni tofauti ya neno moja, na ningeweza kuikariri kanuni mbele yako neno kwa neno bila wewe kugundua kwamba nimeielewa kinyume. Pampu haijui unataka kuona nini. Hezi 148 zilikuwepo, zikapita kwenye mlango wangu wa hezi 200, na kwa kuwa hazikuwa na mahali pa kukaa zikajipenyeza palipokuwa na nafasi.

Aliyewahi kupiga video ya feni ya mezani kwa simu anajua mambo haya. Mapanga yanaonekana yanazunguka taratibu kinyumenyume, na feni yenyewe inapuliza kama kawaida. Simu haikudanganya, ilipiga picha chache mno, ikakuachia wewe ujaze katikati.

Semina

Nisiwe mchoyo wa haki: semina ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa siku tatu hotelini, chai ya saa nne yenye sambusa nzuri mno, wahandisi wa umeme, mawasiliano na viwanda wamechanganywa chumba kimoja. Mwezeshaji alikuwa mtu mwenye ujuzi na mwenye haraka. Siku ya kwanza alipita historia, sampuli, kubadilisha ishara kuwa namba. Siku ya pili vichujio, yaani njia za kuondoa masafa usiyoyataka. Siku ya tatu tulifungua programu ya kompyuta, tukapakia faili la sauti alilotuletea, tukabonyeza, grafu ikatoka, tukabadilisha rangi. Jioni tukapewa vyeti.

Faili lile ndilo ninalolikumbuka zaidi. Lilikuwa safi. Lilirekodiwa na mtu anayejua kazi yake, kwa kasi sahihi, na lilikwisha kuchujwa kabla halijatufikia. Kila kitu kigumu katika uchakataji wa ishara kilikuwa kimeshafanyika kabla ya sisi kukaa kwenye viti. Tulijifunza kukata keki iliyookwa. Kazini kwangu hakuna faili linalokuja hivyo. Mimi ndiye ninayeamua kitambuzi kiwekwe wapi, kisomwe mara ngapi, kichujwe au kisichujwe, na uamuzi ukishapita haurudi. Sampuli zikishajikunja, yaani masafa ya juu yakishajificha ndani ya yale ya chini, hakuna programu duniani itakayokuambia mstari wa 52 ulizaliwa 52 au ulizaliwa 148.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mafunzo endelevu huwa hawapendi kulisikia. Tanzania, kwa mhandisi aliyesajiliwa, kuhudhuria mafunzo ni sehemu ya wajibu wa taaluma. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inalisimamia hilo, na ni sawa. Ila wajibu ukishakuwa wa kuhesabika, watu huanza kununua hesabu. Nilichagua semina ile kwa kuwa ilianguka mwezi ambao bajeti ya mafunzo ilikuwa haijaisha. Hakuna aliyeniuliza una shida gani kazini, nami sikujiuliza.

Jumamosi saa tatu

Darasa lilianza kwa aibu. Baada ya kapiling mpya kushindwa, mhandisi mmoja kijana wa kitengo chetu, binti aliyemaliza chuo miaka miwili kabla, aliniambia kwa adabu kwamba yeye hajawahi kuielewa hesabu ya Fourier, ile ya kuuvunja mtetemo kuwa masafa yaliyomo ndani yake, alifaulu tu. Nikamwambia mimi pia. Tukawa wawili. Akaongezeka mtu wa skada, ule mfumo wa kusimamia mitambo kwa kompyuta kutoka mbali, na mwingine wa maabara ya maji aliyependa hesabu bila sababu. Wanne, Jumamosi saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano, projekta yenye doa la bluu.

Tulitumia mihadhara ya Alan Oppenheim, mhadhiri wa chuo cha MIT, Marekani. Ilirekodiwa mwaka 1975, iko 20, na leo inapatikana mtandaoni bure. Kilichonivutia ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa darasani. Chuo kile kilikuwa na kituo maalumu cha masomo kwa wahandisi walio kazini, na video zile zilikusudiwa watu kama sisi: watu wenye mshahara, wenye watoto, waliokwisha kusahau. Mwaka huo somo lenyewe lilikuwa bado bichi. Ilikuwa imepita miaka kumi tu tangu Cooley na Tukey wachapishe njia ya haraka ya kukokotoa Fourier, mwaka 1965. Mhandisi aliyehitimu kabla ya hapo alikuwa hajaisikia kabisa. Kwa hiyo mhadhiri haendi mbio, na hachukulii kwamba unakumbuka.

Mihadhara ni ya Kiingereza, ubishi ulikuwa wa Kiswahili, na ubishi ndio uliofundisha. Tulikuwa na sheria moja: ukitaka kusema umeelewa, eleza bila neno la kigeni. Neno la Kiingereza la masafa kuonekana mahali pasipo pake tulilikwepa kwa wiki mbili mpaka yule wa maabara akachukua karatasi, akachora mstari kuanzia 0 hadi 300, akaikunja pale penye 100. "Ni mkeka," akasema. "Ukifika nusu ya kasi yako ya sampuli, mkeka unakunjwa. Kilichokuwa mbele kinalalia kilichokuwa nyuma." Tangu hapo ikawa *kujikunja*, na hadi leo ofisini kwetu hakuna anayesema vingine.

Tukajaribu kwa masikio. Kwenye kompyuta, kwa programu ya bure ya Octave, tulitengeneza sauti inayopanda kutoka hezi 0 hadi 8000, tukaichukulia sampuli 8000 kwa sekunde, ile kasi ya simu ya kawaida. Sauti ilipanda, ikapanda, ilipofika 4000 ikageuka na kuanza kushuka mpaka ikazama kwenye ukimya, ingawa tulijua kwa hakika kwamba tuliiambia ipande tu. Tuliirudia mara sita. Mtu wa skada alicheka mpaka akakohoa. Nimefanya mitihani mitatu juu ya jambo hilo maishani mwangu; hiyo ndiyo mara ya kwanza nililisikia.

Binti yule hakucheka. Alikuwa anatazama karatasi ya mkeka.

"Kaka, samahani," akasema. "Kitambuzi chetu cha pampu kinachujia wapi?"

Nikamwambia kinachuja chenyewe, ndani. Nikafungua karatasi ya maelezo ya mtengenezaji kumwonyesha. Ni kweli, kinachuja: kwa kadiri ya kasi yake ya 3200. Kinazuia yaliyo juu ya 1600. Kati ya 100 na 1600 mlango uko wazi kabisa, na kazi ya kuufunga ilikuwa yangu, mimi ninayeokota kimoja katika kumi na sita.

Akachukua kalamu. Mkeka umekunjwa kwenye 100. Hezi 148 zimepita mkunjo kwa 48. Rudi nyuma 48 kutoka 100: unapata 52. Pigo la pili la mapanga, 296, linafika hadi kwenye mkunjo wa 200 na kuupita kwa 96, hivyo linalala kwenye 96. Hamsini na mbili, na tisini na sita. Sampuli 64 kwa kasi ya 200 zinaipa grafu ngazi za hezi 3.125 kila moja. Kwenye ngazi pana namna hiyo 52 na 49.33 ni majirani wa ukuta mmoja, na 96 na 98.67 hali kadhalika. Programu yangu, niliyoiandika kwa ukarimu, ilikuwa inasogeza kila mstari kwenye kizidishe kilicho karibu na kukiandikia jina.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Nilikumbuka bei ya kapiling.

Kuuhamisha mstari

Karatasi si ushahidi, nasi tulishachoma fedha za umma kwa kuamini mchoro. Jumatatu tulikwenda kituoni na kompyuta, tukaunganisha kitambuzi kwa waya ili tusibanwe na SMS. Kwanza tulichukua sampuli 2048 kwa kasi ileile ya 200. Hiyo ni rekodi ya sekunde zaidi ya kumi, na ngazi za grafu zinakuwa nyembamba kuliko sehemu ya kumi ya hezi. Picha ikatengana. Kwenye 49.3 palikuwa na kijistari kidogo, cha kawaida kwa mashine ya umri ule. Kando yake, 52.0, umesimama mnara. Gawanya 52 kwa 24.67 haigawanyiki. Hakuna kitu kwenye shafti kinachozunguka mara mbili na kipande.

Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote. Mtetemo wa kweli haujali unausoma kwa kasi gani. Utakaa pale pale. Uliojikunja utahama, kwa sababu mkunjo wenyewe umehama. Tukabadilisha namba moja tu kwenye programu, 200 ikawa 250, pampu haikuguswa. Mstari wa 24.67 ukabaki. Kijistari cha 49.3 kikabaki. Mnara wa 52 ukatoweka na kuibukia 102, na ule wa 96 ukarukia 46. Kunja mkeka kwenye 125 uone mwenyewe.

Fundi mkuu wa kituo alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Huyu mzee, tangu siku ya kwanza, alikuwa ameweka bisibisi ndefu kwenye gamba la pampu, mpini sikioni, akasema, "Injinia, hii inalia maji, hailii chuma." Sikumpuuza kwa dharau, nilimshukuru na kuendelea na leza. Sasa nikamwomba radhi, kisha nikafungua kwenye simu programu ya kutoa sauti ya masafa unayoyataka.

"Mzee wangu, niambie ikifanana."

Nikaanzia 100, nikipandisha polepole. Alifumba macho, bisibisi sikio moja, simu sikio jingine. Sauti mbili zikikaribiana huanza kupumua, zinavimba na kunywea, na kadiri zinavyosogeleana pumzi inakuwa ndefu. Akainua mkono. "Hapo hapo." Skrini ilisoma 148.

Ningependa kusema mzee alikuwa sahihi tangu mwanzo, hadithi ingekuwa tamu. Ila yeye alikuwa na hakika ni hewa inayoingia upande wa kunyonya, na alikwisha kukaza gilandi mara mbili na kubadilisha pakingi, vile vizibo vya kwenye shafti, bila mafanikio. Sikio lake lilipima vizuri kuliko mfumo wangu; sababu hakuipata.

Vali

Sababu ilikuwa mita nane mbele. Miezi michache nyuma, bomba kubwa la kupeleka maji lilifanyiwa ukarabati, na vali ya kutolea ya pampu namba 3 ikafungwa sehemu ili presha isipande kwenye kiungo kipya. Kazi ikaisha. Kibao cha kuonyesha vali imefunguka kiasi gani kilikuwa kimelegea kwenye gia yake na kiliendelea kusoma wazi. Mita ya mtiririko iko kwenye bomba la pamoja la pampu tatu, hivyo upungufu wa moja ulipotea ndani ya jumla. Geji ya presha ya pampu hiyo ilisoma juu kidogo, na mota ilivuta ampea pungufu, na mambo yote mawili yaliandikwa kwenye daftari la zamu kama habari njema.

Pampu iliyobanwa hivyo inasukuma maji machache kuliko yaliyokusudiwa. Yanaingia kwenye mapanga kwa pembe isiyo yake, na kila panga linapopita ulimi wa gamba hupiga kwa nguvu zaidi. Tulifungua vali kwa mikono, mizunguko mingi ya gurudumu. Mnara wa 148, sasa tukiupima mahali pake halisi, ulishuka chini ya theluthi ya ulivyokuwa kabla mzee hajamaliza kufuta jasho.

Tulichobadilisha, na tulichokiacha

Mfumo mpya haubani kasi. Chipu inasoma vipimo vyote 3200, inakusanya 4096, na inakokotoa Fourier hapo hapo kituoni. Kwa njia ya moja kwa moja hesabu hiyo ingetaka kuzidisha zaidi ya mara milioni 16. Kwa njia ya Cooley na Tukey ni kama elfu 25, na chipu ya bei ya chakula cha mchana inaimaliza kabla hujapepesa. Kinachotumwa si sampuli tena bali vilele 20 vikubwa, kila kimoja na masafa yake na ukubwa wake, baiti nne nne. Jumla ni baiti 80. Ujumbe umepungua kuliko ule wa zamani wa 128, na ndani yake mna habari nyingi zaidi. Programu ya kusogeza mistari na kuipa majina niliifuta kwa mkono wangu.

Darasa lenyewe halikufika mwisho. Mtu wa skada alihamishwa, mimi nikapata safari, na tulikwama kwenye mihadhara ya miundo ya vichujio ambayo kwa kazi yetu haikuwa na haraka. Ubadilishaji wa z, hesabu inayotumika kuchambua vichujio hivyo, tuliupita kwa kunyata, na sijui kama kuna kati yetu anayeweza kuufundisha. Sioni vibaya. Mtu aliye kazini hasomi kama mwanafunzi. Anasoma kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, akiupata anafungua mlango, kilichobaki atakirudia siku kikimhitaji. Kichujio cha kuzuia masafa ya juu kabla ya kupunguza sampuli, kwa mfano, tulikijifunza ndani ya wikiendi moja kwa sababu kitambuzi cha matanki kilikihitaji Jumatatu.

Sisemi semina zifutwe. Kwa uchambuzi wa mitetemo kuna utaratibu wa kimataifa wa kuwathibitisha watu, ISO 18436-2, wenye ngazi nne, na binti yetu sasa anajiandaa kwa ngazi ya kwanza. Nimemtia moyo, maana huko mtu hupimwa kama anajua kukusanya data, si kuipamba tu. Ninachodai ni kidogo. Anayeandaa semina awaambie watu waje na data zao chafu, zile zilizowashinda, pamoja na karatasi ya maelezo ya kitambuzi. Nusu ya siku ya kwanza ingetosha kuuliza kila mmoja swali alilouliza yule binti. Nina hakika wengi wangenyamaza kama nilivyonyamaza. Na mimi ningekuwa mmojawao hata hotelini kule, laiti mtu angeniuliza kabla ya sambusa.

Saa zile za Jumamosi sikuzijaza kwenye fomu yoyote. Nilichojaza ni ripoti ya kusahihisha ripoti yangu ya kwanza, kurasa nne, pamoja na grafu mbili zilizowekwa juu na chini: 200 na 250. Meneja aliisoma yote, hilo nampa heshima. Akaniita.

"Injinia, nimeelewa mkeka. Nimeelewa na vali. Sasa ile kapiling ya pili tuliinunua ya nini?"

Nikamwambia iliyotoka ilikuwa bado nzima, iko stoo, imepakwa grisi, na pampu namba 1 inatumia saizi hiyohiyo.

"Iandike hivyo," akasema. "Vipuri."